Picha Moja Iliyo Sahihi: Mwongozo wa Eksrei na Skani kwa Wakazi wa Kitui na Makueni

Panda matatu ya alfajiri kutoka Mutomo kwenda mjini Kitui, na hutakosa kumwona abiria aliyepakata bahasha kubwa ya kaki. Haikunji wala haikalii, na jua likianza kupenya dirishani anaihamishia upande wa kivuli. Ndani mna picha yake ya eksrei. Anajua kwamba akifika kwa daktari bila bahasha hiyo, huenda akapigwa picha nyingine: alipe tena, apange foleni tena, na mwili upokee mionzi tena, kutafuta jibu ambalo tayari lilikuwa limepatikana.

Watu wengi huuliza kama eksrei ni salama. Wachache huuliza kama picha waliyopigwa ni sahihi. Maswali hayo mawili kwa kweli ni moja. Picha mbaya humpotosha daktari au hurudiwa, na ikirudiwa, mionzi ya kwanza imekwenda bure. Usalama wa mgonjwa basi ni kupata picha inayohitajika, ya upande unaostahili, iliyopigwa vizuri mara moja, kisha ikasomwa na mtu anayejua kuisoma. Kazi hiyo si ya hospitali peke yake. Mgonjwa naye ana sehemu yake, na mwongozo huu unaieleza.

Ni picha gani unayopigwa?

Wengi huita kila kitu "skani" au "picha". Ni vizuri kuzitofautisha, kwa sababu baadhi hutumia mionzi na nyingine hazitumii.

Eksrei ndiyo kongwe. Iligunduliwa na Wilhelm Röntgen mjini Würzburg, Ujerumani, tarehe 8 Novemba 1895. Moja ya picha zake za kwanza ilikuwa ya mkono wa mkewe, mifupa ikionekana pamoja na pete kidoleni. Mionzi hupenya mwilini. Mfupa huizuia kwa wingi, ndiyo maana huonekana mweupe. Mapafu yaliyojaa hewa huipitisha, ndiyo maana huonekana meusi.

CT skani pia ni eksrei, ila mashine huuzunguka mwili na kutoa picha nyembamba nyingi, kama slesi za mkate. Hufaa sana kwa mtu aliyeumia kichwa katika ajali au anayeshukiwa kuvuja damu ndani ya mwili. Mionzi yake ni mingi kuliko ya eksrei ya kawaida.

Ultrasaundi hutumia mawimbi ya sauti tusiyoweza kuyasikia. Haina mionzi. Ndiyo hutumika kutazama mimba, ini, nyongo, figo na kibofu.

MRI hutumia sumaku kubwa na mawimbi ya redio. Haina mionzi ya aina ya eksrei, lakini ina hatari nyingine: sumaku hiyo haizimwi mgonjwa anapotoka. Mwaka 2001, katika hospitali moja ya jimbo la New York, mtungi wa chuma wa oksijeni ulivutwa na sumaku ukamuua mtoto aliyekuwa ndani ya mashine. Kwa hiyo mweleze mhudumu kila chuma kilichomo mwilini: kifaa cha kurekebisha mapigo ya moyo, vyuma vya mifupa, hata kipande cha risasi. Kama umewahi kufanya kazi ya kuchomelea vyuma au kusaga kwa grainda, sema pia, kwa maana chembe ndogo ya chuma inaweza kuwa imekaa jichoni bila wewe kujua.

Mionzi ni kiasi gani?

Kila binadamu hupokea mionzi ya asili kutoka ardhini, hewani, angani na katika chakula. Wastani wa dunia ni takriban milisiveti 2.4 kwa mwaka (milisiveti ni kipimo cha mionzi mwilini). Tukitumia kipimo hicho, picha za hospitali hulinganishwa hivi:

- Eksrei ya mkono au mguu: chini sana, sawa na mionzi ya asili ya saa chache.
- Eksrei ya kifua: takriban milisiveti 0.02, sawa na siku tatu hivi.
- Eksrei ya mgongo wa chini: takriban milisiveti 1.5, sawa na miezi saba hivi.
- CT ya kichwa: takriban milisiveti 2, sawa na miezi kumi.
- CT ya tumbo: takriban milisiveti 8, sawa na zaidi ya miaka mitatu.

Viwango hivi hubadilika kulingana na mashine na unene wa mwili, lakini mpangilio unabaki huo. Picha ya kifua isikunyime usingizi. CT ya tumbo nayo usiikatae kama daktari ameona dalili nzito, kwa sababu ugonjwa usiotambuliwa huua mapema kuliko mionzi. Linalofaa kuulizwa ni kama picha itabadilisha matibabu.

Chukua maumivu ya mgongo, ambayo ni ya kawaida kwa watu wanaobeba mitungi ya maji kutoka mtoni au kuinamia jembe kutwa. Maumivu ya wiki chache yasiyo na dalili nyingine mara nyingi hayahitaji picha yoyote. Eksrei ya mgongo ina mionzi inayoweza kuzidi ya kifua mara 50 na zaidi, na huenda isionyeshe chochote cha kutibu. Lakini miguu ikilegea, mkojo ukikosa kuzuilika, ukiwa na homa, ukikonda bila sababu, ukiwa umeanguka, au ukiwa umewahi kuugua saratani, usingoje. Hapo picha ina kazi.

Usahihi huanzia kwenye fomu

Kabla mashine haijawashwa, karatasi ya kuomba picha huwa imeshaamua mengi. Tazama mambo matatu ndani yake.

La kwanza ni jina. Katika foleni moja ya Ukambani hamkosekani kina Mutua wawili au kina Nduku watatu. Mhudumu akiita jina, usijibu "ni mimi" ukaingia. Taja majina yako yote, umri wako na sehemu uliyotumwa kupigwa picha. Asipokuuliza, mwambie mwenyewe.

La pili ni upande. Kwenye picha utaona herufi ndogo: R ni kulia na L ni kushoto, kwa Kiingereza. Kwa Kiswahili, kulia na kushoto zote zinaanza na K, na anayeiona L anaweza kudhani ni ya "kulia". Kwa hiyo usitegemee herufi. Gusa mahali panapouma, useme, "Ni goti hili." Hakikisha fomu inasema goti hilo hilo, na picha ikitoka uliza alama imewekwa upande gani.

La tatu ni swali. Fomu iliyoandikwa "mkono" tu humwacha anayepiga picha akikisia. Fomu iliyoandikwa "alianguka kwa bodaboda jana, anaumia chini ya kidole gumba" inamwonyesha pa kulenga na namna ya kuuweka mkono. Kwa hiyo mweleze anayekuandikia: ulianguka lini, vipi, panauma wapi hasa.

Mfupa unaoshukiwa kuvunjika hupigwa angalau picha mbili, moja kutoka mbele na nyingine kutoka ubavuni. Ufa unaojificha katika moja hujitokeza katika nyingine. Huko si kurudia, ndiko kukamilisha. Vilevile kuna mfupa mdogo kwenye kifundo cha mkono, chini ya kidole gumba, ambao ukivunjika huenda usionekane siku ya kwanza. Daktari akikufunga mkono na kukutaka urudi baada ya siku 10 hadi 14 kwa picha nyingine, rudi. Na kabla picha haijapigwa, mkono au mguu ulioteguka au kuvimba usikandwe wala kunyooshwa na mtu. Mfupa uliopasuka tu unaweza kuachana.

Jiandae kabla hujatoka nyumbani

Si kila hospitali ina kila mashine, na mashine iliyokuwepo mwezi jana inaweza kuwa mbovu leo. Piga simu kwanza, hasa kama unatoka mbali, kama Tseikuru au Mtito Andei. Kisha zingatia haya:

- Eksrei ya kifua: vua mkufu, rozari, sidiria yenye vyuma, na simu itoe mfukoni. Nywele zilizosukwa zifunge juu ya kichwa. Msuko ukilala begani hutoa kivuli juu ya pafu, mahali ambapo kifua kikuu hupenda kujionyesha. Ukiambiwa vuta pumzi na uizuie, vuta kwa nguvu zako zote, usitikisike.
- Ultrasaundi ya nyongo na ini: kaa bila kula kwa saa sita hadi nane.
- Ultrasaundi ya kibofu au ya mimba changa: kunywa maji ya kutosha saa moja kabla, usiende haja.
- Picha ya matiti: usijipake poda wala dawa ya kukata jasho kwapani. Chembe zake huonekana kama madoa madogo ya chokaa, na zinaweza kukutia wasiwasi wa bure.
- CT yenye sindano ya dawa ya rangi: sema kama una ugonjwa wa figo, kisukari na unameza dawa ya metformin, pumu, au kama dawa kama hiyo iliwahi kukudhuru. Huenda ukapimwa damu kwanza kuangalia figo.

Na picha za zamani zibebe zote. Daktari akiweka picha ya mwaka jana kando ya ya leo, doa lisilobadilika hujulikana kuwa kovu tu, na safari ya kwenda kupigwa CT Nairobi inaweza kuepukwa.

Mama mjamzito na mtoto

Mwanamke aliye katika umri wa kuzaa ana haki ya kuulizwa, kabla ya eksrei, kama huenda ana mimba. Swali hilo si la kumwaibisha. Kama hedhi imechelewa, sema, hata ukiwa na shaka tu.

Ikiwa ulishapigwa picha kabla ya kujua kwamba una mimba, usifanye uamuzi wowote kwa hofu. Eksrei ya kifua au ya mkono humfikia mtoto kwa kiasi kidogo mno. Wataalamu wa kimataifa wa kinga ya mionzi wanasema kwamba mionzi iliyo chini ya miligrei 100 (kipimo kingine cha mionzi) kwa mtoto aliye tumboni si sababu ya kutoa mimba, na karibu picha zote za kawaida ziko chini sana ya hapo. Mwone daktari akukadirie.

Ultrasaundi ya mimba ni salama, na Shirika la Afya Duniani tangu 2016 limependekeza kila mama apate angalau moja kabla ya wiki ya 24. Muda huo una sababu. Katika miezi mitatu ya kwanza, ultrasaundi hukadiria umri wa mimba kwa tofauti ya takriban wiki moja au chini yake. Katika miezi mitatu ya mwisho, makosa yanaweza kufika wiki tatu. Kwa hiyo tarehe ya kujifungua iliyotokana na skani ya mapema isibadilishwe na skani ya mwezi wa nane. Bandika ripoti ndani ya kitabu cha mama na mtoto na uende nacho kila kliniki.

Mtoto huathiriwa na mionzi kuliko mtu mzima, tena ana miaka mingi mbele yake. Mashine iwekwe kwa kipimo cha mtoto. Uliza tu kwa upole, "Daktari, hiki ni kipimo cha mtoto?" Mtoto akihitaji kushikwa, mzazi asiye na mimba ndiye amshike, naye avalishwe aproni ya madini ya risasi. Wengine wote wakae nje, mlango ufungwe.

Usishangae mgonjwa mwenyewe asipofunikwa aproni sehemu za uzazi kama ilivyozoeleka. Tangu 2019, chama cha wanafizikia wa tiba cha Marekani kimeshauri kwamba kufunika huko kusiwe desturi. Kifuniko kikisogea huficha sehemu inayotafutwa, au huifanya mashine inayojipimia yenyewe iongeze mionzi. Picha ikiharibika, hurudiwa. Kinga kubwa zaidi ni kuilenga mionzi mahali panapohitajika tu.

Mambo yanayosemwa vijiweni

Husemwa kwamba ukipigwa eksrei unabaki na mionzi mwilini. Si kweli. Mionzi hutoka pale kitufe kinapobonyezwa tu, kama mwanga wa taa, na kikiachwa imekwisha. Unaweza kumbeba mtoto wako papo hapo na kumnyonyesha. Husemwa kwamba picha moja ya nyonga humaliza nguvu za kiume. Kipimo cha picha hiyo hakifiki huko. Husemwa pia kwamba eksrei ikionyesha doa kifuani basi ni kifua kikuu. Utafiti wa kitaifa wa kifua kikuu uliofanywa Kenya mwaka 2015 na 2016 ulionyesha kuwa eksrei huwagundua wagonjwa wengi wasio na dalili, lakini picha hushuku tu. Makohozi ndiyo yanayothibitisha. Hata programu za kompyuta za kusoma picha za kifua, ambazo Shirika la Afya Duniani lilizipendekeza mwaka 2021 kwa watu wa miaka 15 na zaidi, kazi yake ni kuchuja watu wa kupimwa makohozi.

Nani anapiga, nani anasoma?

Mwaka 2015 serikali ya kitaifa ilianza mpango wa kukodisha vifaa vya tiba, zikiwemo mashine za eksrei na ultrasaundi, kwa hospitali mbili katika kila kaunti na nne za kitaifa, jumla 98. Kwa watu wa kaunti za mbali lilikuwa jambo kubwa. Lakini kamati maalumu ya Seneti iliyochunguza mpango huo ilieleza mwaka 2020 kwamba katika baadhi ya kaunti vifaa vilikaa bila kutumika kwa kukosa wataalamu, umeme au maji. Wakenya walijifunza kwa gharama kubwa kwamba mashine bila mtu aliyefunzwa ni samani.

Nayo mashine ya kisasa mikononi mwa watu wasioikagua ni hatari zaidi ya samani. Katika hospitali ya Cedars-Sinai mjini Los Angeles, mashine ya CT ilibadilishwa mpangilio mwaka 2008, na kwa miezi 18 wagonjwa 206 wakapokea mionzi takriban mara nane ya iliyokusudiwa kichwani. Kosa lilibainika mwaka 2009, mgonjwa mmoja alipoanza kunyonyoka nywele. Namba zilikuwa kwenye skrini siku zote. Hakuna aliyezitazama.

Kwa hiyo wajue watu wawili. Wa kwanza ni radiografa, anayekupanga na kupiga picha. Nchini Kenya husomea stashahada ya sayansi ya picha za tiba, kwa mfano katika chuo cha KMTC, au shahada ya chuo kikuu, na wengine huongeza utaalamu wa ultrasaundi au CT. Wa pili ni daktari bingwa wa radiolojia, aliyesomea udaktari kisha akaongeza shahada ya uzamili ya kusoma picha. Wengi wa mabingwa hao wako Nairobi na miji mikubwa, ndiyo maana picha ya Wote au Mwingi inaweza kutumwa kwa mtandao ikasomwe kwingine. Hilo si kosa, mradi ripoti irudi ikiwa na jina na sahihi ya aliyeisoma.

Ultrasaundi inahitaji uangalifu wa pekee, kwa sababu jicho na mkono wa anayeishika ndivyo vinavyotengeneza picha. Kibanda chenye bango la "skani" sokoni kinaweza kuwa na mashine nzuri na mtu asiyejua anachokiona. Uliza, "Umesomea wapi kupiga skani?" Aliyesoma hatakasirika.

Kwa eksrei na CT, kituo ni lazima kiwe na leseni ya Mamlaka ya Kudhibiti Nyuklia, KNRA, iliyoundwa kwa Sheria ya Udhibiti wa Nyuklia ya 2019 na kuchukua nafasi ya Bodi ya Kinga ya Mionzi. Tazama ukutani kama ipo na kama muda wake haujaisha. Tazama pia kama wahudumu wamevaa beji ndogo za kupima mionzi. Kikomo cha mfanyakazi kinachofuatwa kimataifa ni wastani wa milisiveti 20 kwa mwaka, na bila beji hakuna ajuaye kama amekivuka. Kituo kisichowajali wahudumu wake hakiwezi kukujali wewe.

Ukipewa majibu

Dai vitu viwili, picha na ripoti. Picha bila ripoti ni barua isiyosomwa. Kwenye ripoti hakikisha kuna jina lako, tarehe, sehemu ya mwili, upande, na hitimisho. Kama ripoti inasema goti la kushoto nawe unaumwa la kulia, usitoke hapo.

Sheria ya Afya ya 2017 inakupa haki ya kuelezwa hali yako na vipimo unavyopendekezewa katika lugha unayoielewa. Mzee wa Kyuso asiyefuata Kiswahili vizuri ana haki ya kuelezwa kwa Kikamba, na mjukuu aliyemsindikiza aombe hivyo bila haya. Sheria hiyo hiyo inakupa haki ya kulalamika. Anza na msimamizi wa hospitali. Usiporidhika, nenda kwa idara ya afya ya kaunti. Suala la mionzi au leseni ya mashine ni la KNRA, na suala la mwenendo wa daktari au kituo ni la Baraza la Madaktari, KMPDC.

Kisha itunze picha. Mali bila daftari hupotea bila habari, na afya vilevile. Andika juu ya bahasha tarehe, hospitali na sehemu iliyopigwa. Ripoti ipige picha kwa simu. Kama kituo kinatoa picha kwa diski, omba, kwa sababu filamu iliyopigwa picha kwa simu haimtoshi daktari. Na usiihifadhi bahasha juu ya kabati karibu na mabati, wala kuiacha mbele ya kioo cha gari. Filamu nyingi za siku hizi huchapishwa kwa joto, na joto hilo hilo huzifanya zisawijike hadi zisisomeke.

Ndiyo maana yule abiria wa Mutomo huihamisha bahasha yake jua linapoingia dirishani. Akishuka Kitui, daktari ataishika picha ile juu ya taa, ataiona vizuri, na hatamtuma kupigwa nyingine.